Nyumba Mtwara, bei inaweza kushuka?

Mkuu umeuliza kama ukinunua nyumba Shangani saivi bei inaweza ikaporomoka, jibu ni ndio na huku ilishatokea. Ile 2012, 2013 stori za gesi zilipopamba moto watu wakagombania viwanja na kujenga magesti wakisubiri wageni, bomba likaenda Dar, wageni wakapungua, vibao vya "inapangishwa" vikakaa mpaka rangi ikapauka. Halafu 2018 serikali ikanunua korosho yenyewe, malipo yakachelewa, mtaani kukakauka kweli maana hela ya nyumba huku ni hela ya korosho bana.

Dalali atakwambia bei haishukagi, lakini bei yake ni ya mdomoni. Tafuta walionunua mtaa huohuo karibuni uwaulize walitoa ngapi mkononi, alafu pita saa mbili usiku uangalie nyumba ngapi hazina taa. Na kodi je? Kama nyumba ni milioni 80 na inapangishwa laki 3 kwa mwezi, zaidi ya miaka 22 ndo hela irudi, na hapo hujapaka rangi wala hujakaa miezi bila mpangaji, yani umelipia matumaini ya LNG tu (ule mradi wa kugeuza gesi iwe kimiminika, ambao unasubiriwa Likong'o, Lindi, sio Mtwara, wengi wanachanganya).

Kama ni ya kuishi mwenyewe na hati iko safi nunua, ila mkopo wa benki mi nisingeugusa. Na kaongee bei kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, muuzaji akiwa na shida ya hela anasikilizana.