Maswali ya Wasomaji: Mashua ya Chuma kutokana na Mabamba Yaliyokatwa Tayari

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi nimetengeneza mageti, matangi ya maji na mapaa ya maghala. Sasa nimepata ramani ya mashua ya matanga ya safari ndefu yenye urefu wa mita 12, na mbunifu wake huuza pia seti ya mabamba yaliyokwisha kukatwa kwa mashine. Jirani yangu, ambaye aliwahi kuunda mashua ya mbao, ananiambia kwamba nikiinunua seti hiyo kazi itakayobaki ni kuunganisha tu. Je, ni kweli? Na kwa kuwa kuchomelea nakujua, ni jambo gani ninalopaswa kuliogopa?

JIBU: Ndugu fundi, jirani yako hakukudanganya, ila amekuonyesha upande mmoja wa shilingi. Zamani aliyetaka kuunda chombo cha chuma alilazimika kwanza kuichora mistari ya umbo lake sakafuni kwa ukubwa halisi, kisha atengeneze vielelezo vya mbao, avilaze juu ya bamba, avifuatishe kwa chaki na kukata kwa mkono. Kosa la milimita 5 sakafuni lilihamia kwenye taruma, yaani fremu inayokipa chombo umbo lake, kutoka kwenye taruma likaingia ubavuni, na mara nyingi halikugunduliwa hadi siku rangi inayong'aa ilipopakwa. Seti inakuondolea hatua hiyo nzima. Kompyuta imekwisha kuyakunjua mabamba ya ubavu, ambayo kwa kawaida hubuniwa yapinde upande mmoja tu ili yaweze kuvutwa mahali pake bila kufuliwa kwa nyundo, na mashine ya kukatia imekwisha kuchora juu ya kila kipande namba yake na mstari unaoonyesha taruma litasimama wapi.

Kwa hiyo unachonunua ni usahihi wa vipimo, na kazi yako kuanzia siku lori litakapoyashusha mabamba ni kutoupoteza usahihi huo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mafundi wazuri wa mageti na matangi ndio wanaoupoteza upesi zaidi. Wamezoea chuma kinene kinachovumilia joto, na wamezoea kuumaliza mshono waliouanza.

Kabla ya kuwasha mashine, hesabu vipande vyote kwa orodha, pima mishazari ya viambaza (kuta za ndani za chombo) na ya mataruma makubwa, na ulinganishe na ramani. Dai pia cheti cha chuma chenyewe, kwa sababu bamba la daraja A la kuundia meli limehakikishiwa nguvu ya megapaskali 235 kabla ya kuanza kuvutika bila kurudi, ilhali bamba lisilo na cheti ni kubahatisha. Kisha angalia kingo. Ikiwa mabamba yalikatwa kwa mwali wa plasma unaotumia hewa ya kawaida, naitrojeni iliyomo katika hewa hiyo huingia katika ukingo na kuufanya uwe mgumu, na ukichomelea juu yake bila kuusaga, mshono hutoka na vitundu vidogo kama mkate uliozidi hamira. Pitisha grenda kidogo, chini ya milimita 1, mpaka chuma king'ae. Usiongeze zaidi ya hapo, kwani utakuwa unakula kipimo ulichokilipia.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo jibu la swali lako la pili. Kila mshono unapopoa hujikunja na kuvuta chuma kilicho jirani. Katika bamba la milimita 10 mvuto huo hauonekani, lakini ubavu wa mashua ya ukubwa wa yako kwa kawaida ni wa milimita 4 hivi, na sitaha huenda ikawa ya 3. Katika mashua ya kwanza niliyoshiriki kuiunda, nilichomelea ufito mmoja, yaani ukanda wa chuma unaopita kwa urefu wa ubavu, wa mita 6 mfululizo asubuhi moja, nikijisifu moyoni jinsi mshono ulivyonyooka. Jioni jua lilipoupiga ubavu kwa mshazari, mataruma yote yakajitokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hakuna nyundo iliyowahi kuurudisha ubavu ule, na aliyeinunua mashua hiyo alitumia debe baada ya debe la lipu ya epoksi kuficha kosa langu.

Utaratibu ulio salama ni huu. Simamisha mataruma na viambaza juu ya msingi ulionyooshwa kwa timazi na kipimamaji, na uvishikize kwa alama ndogo tu za mchomeleo. Pitisha fito za urefu katika nafasi zilizokatwa kwa ajili yake. Vuta mabamba ya ubavu, uyashikize kila sentimita 15 hivi, upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, na usichomelee mshono wowote hadi chombo kizima, pamoja na sitaha, kiwe kimefungwa kwa vishikizo. Wengi huona uchungu kwenye hatua hii, maana mashua inaonekana imekamilika na bado hujachomelea lolote la maana, vumilia. Utakapoanza, chomelea vipande vifupi vya sentimita 5 hadi 8, ruka, nenda upande wa pili wa mashua, kisha rudi. Bamba likiwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja, mahali hapo pameshapata haki yake kwa siku hiyo. Fito ndizo zinazoshikamana na ubavu, tena kwa mshono wa kurukaruka. Mataruma yashikamane na fito, na pale ambapo ramani haitaki yaguse bamba, yasiguse.

Mashine inayotumia gesi ni nyepesi na ya haraka, lakini upepo mdogo tu huipeperusha gesi inayoukinga mshono. Ukijenga nje, elektrodi za kawaida hazitakusumbua sana. Ukichagua zile za haidrojeni kidogo, za aina ya E7018, zitunze katika tanuri la joto la nyuzi 120 hivi baada ya kufungua kopo, kwa sababu zikila unyevu zinapoteza sifa iliyokufanya uzinunue.

Nikuongezee jambo moja endapo utajenga nje. Chuma hutanuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo ubavu wa mita 12 uliokaa juani, ukawa na joto la nyuzi 30 zaidi ya ule ulio kivulini, unakuwa mrefu zaidi kwa milimita 4 na kidogo. Vipimo vyote vya maana vichukuliwe alfajiri.

SWALI: Ramani yangu inataka ubavu wa milimita 4. Nafikiri kuiomba karakana inikatie wa milimita 6 ili niwe salama nikipanda mwamba, na tofauti ya gharama naiona ni ndogo. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya uko katika uzani. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 lina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Nyongeza ya milimita 2 ni kilo 15.7, na kama mabamba ya ubavu yana jumla ya mita za mraba 60, umeibebesha mashua yako kilo 942 ambazo mbunifu hakuzipigia hesabu. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu ya mstari wa maji, mahali unapoidhoofisha mashua katika kusimama wima chini ya tanga. Utashawishika kufidia kwa kuongeza farumi ya risasi (uzito wa kukituliza chombo) katika mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na hapo mashua inazidi kuzama. Mstari wa maji unapanda, mwendo unapungua, na nafasi ya kubebea maji na chakula cha safari imekwisha kuliwa na chuma. Isitoshe, nafasi zilizokatwa katika mataruma zilipangwa kwa unene wa awali, kwa hiyo seti haitakaa sawasawa.

Kuhusu mwamba, chuma cha unene wa kawaida kinakutosha, kwa sababu sifa yake ni kubonyea na kunyumbuka kabla ya kupasuka. Baharia Mfaransa Bernard Moitessier aliiita mashua yake ya chuma Joshua, kwa heshima ya Joshua Slocum aliyeizunguka dunia peke yake kati ya mwaka 1895 na 1898. Ilishushwa majini mwaka 1962, ikampeleka katika mashindano ya kuizunguka dunia ya 1968 ambayo aliyaacha njiani kwa hiari yake, na mwezi Desemba 1982 dhoruba ikaitupa ufukweni huko Cabo San Lucas, Meksiko, pamoja na vyombo vingine vingi. Ilivunjikiwa milingoti, lakini bodi lake lilivutwa kutoka mchangani na kutengenezwa, na hadi leo mashua hiyo ni mali ya jumba la makumbusho ya bahari la La Rochelle, Ufaransa.

Ukiwa bado na hofu, mwombe mbunifu akuruhusu kuongeza unene chini ya mkuku na katika fashini ya omo (ncha ya mbele ya chombo) tu. Lakini mwombe yeye. Karakana ya kukatia haina jibu hilo.

SWALI: Wote niliowaambia kwamba naunda mashua ya chuma wananijibu neno moja tu: kutu. Je, chombo cha chuma kinaweza kweli kudumu katika maji ya chumvi?

JIBU: Kinadumu, mradi ujue kutu inatoka wapi. Watu huitazama nje, kwenye maji ya bahari, na nje ndiko kunakotunzika kwa urahisi: unaliona bodi, unalikwangua, unalipaka rangi, na vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya maji vinaliwa badala ya bodi. Mashua nyingi za chuma huliwa kutoka ndani. Maji hudondoka kutoka sitahani, umande hutiririka kwenye bamba baridi, yakakusanyika nyuma ya ufito ulio chini ya kabati ambalo halijafunguliwa kwa miaka kumi.

Kwa hiyo ichunguze seti yako na utafute vitundu vya nusu duara vilivyokatwa mahali ambapo kila ufito na kila taruma linakutana na bamba. Kazi yake ni kuyapitisha maji mpaka ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako pampu itayakuta. Nimeona fundi stadi akivijaza kwa mchomeleo akidhani ni kasoro za mashine! Kabla ya kupaka rangi, mimina ndoo ya maji omoni na uyafuate kwa tochi. Yakisimama popote, hapo ndipo kutu itakapoanzia, nawe bado una grenda mkononi.

Praima nyembamba inayokuja na mabamba ni ya kuyalinda wakati wa kazi tu, kwa hiyo usiihesabu. Baada ya kuchomelea kila kitu, pamoja na vishikio vya fanicha na vya injini, sugua kingo zote kali hadi ziwe na mviringo wa milimita 2 hivi, kwa kuwa rangi hukimbia ncha kali na kuiacha na utando mwembamba. Kisha chombo kipigwe mchanga kwa kiwango cha usafi cha Sa 2½ cha kanuni ya kimataifa ISO 8501-1, ambapo chuma hubaki karibu cheupe, na rangi ya kwanza ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo, wakati joto la bamba limezidi kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutanda) kwa nyuzi 3 au zaidi. Pitisha brashi kwanza juu ya mishono na kingo zote, ndipo upulizie kote. Ndani panastahili rangi nyingi kama nje, au zaidi.

Povu la poliyurethani la kuzuia joto na umande linapuliziwa juu ya rangi iliyokauka, kamwe si juu ya chuma kitupu, na liishie juu ya ngama ili sakafu ya chombo ibaki wazi kwa jicho na brashi. Baada ya hapo sahau kuchomelea chochote upande wa pili wa bamba bila kwanza kuliondoa povu katika eneo pana, kwani huwaka na kutoa moshi wenye sumu, nawe utakuwa ndani ya chumba chenye mlango mmoja mdogo. Onyo hilo ni la gesi ya kuchomelea pia: argoni na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hulala chini ya chombo na kuisukuma oksijeni juu. Weka feni, na awepo mtu nje.

SWALI: Nimesikia kwamba dira haifanyi kazi ndani ya mashua ya chuma. Je, inabidi nitegemee setilaiti peke yake?

JIBU: Hapana. Dira inafanya kazi, ila bodi la chuma huivuta sindano, na kiasi cha mvuto huo hubadilika kulingana na upande unaoelekea. Iwekwe mbali na chuma kadiri inavyowezekana, irekebishwe kwa sumaku ndogo, kisha mashua izungushwe polepole kupitia pande zote huku tofauti ikiandikwa katika jedwali. Kuchomelea nako huacha usumaku katika chuma, na usumaku huo hubadilika katika miezi ya mwanzo, hivyo kazi hiyo ifanywe mashua ikiwa imekamilika na kupakiwa, na irudiwe baada ya safari za kwanza. Kihisio cha dira cha usukani wa kujiendesha wengi hukipandisha mlingotini, ikiwa mlingoti ni wa alumini.