Kaskazi Ndiyo Siku ya Sita

Kila mwaka ni yale yale hapa Malindi. Aprili ikiingia, kusi huanza kuvuma, masika hushuka, Mto Sabaki hufurika na maji ya ghuba hugeuka mekundu mpaka mbele ya mji. Mitumbwi na ngalawa hazivuki mwamba. Wageni wa Kiitaliano wamesharudi kwao, baadhi ya hoteli za ufuoni zinafunga Mei na Juni, na wafanyakazi wanapewa likizo isiyo na mshahara. Tuktuk inazunguka mjini bila abiria. Mama karanga, yule mkaanga samaki wa kuuza, amekaa na karai baridi. Na Jumapili, kanisani, anasomewa Mathayo 6: msisumbukie maisha yenu, mle nini au mnywe nini.

Mwenye karai baridi ana haki ya kuuliza: nisisumbuke vipi? Kumjibu “we amini tu” ni kumwonea. Kumtegemea Mungu kwa riziki ni jambo la kujifunza, lina vipimo vyake, na Biblia imevitaja vipimo hivyo waziwazi.

Anza na Kutoka 16. Waisraeli waliambiwa waokote mana pishi moja kwa kila kichwa, ya siku ile tu. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa neno hilo. Pishi ni vibaba vinne, na bibi zetu walipimia nafaka kwa kibaba. Aliyesaza mpaka asubuhi alikuta mabuu na uvundo. Lakini siku ya sita amri ilibadilika: pishi mbili kwa kila mtu, na kilichowekwa usiku huo hakikuoza. Siku ya saba wapo waliotoka kuokota, wasipate kitu.

Sasa uweke mpangilio huo kando ya mwaka wa Malindi. Wakati wa upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inaendeka, samaki wapo, wageni wapo. Hiyo ndiyo siku yetu ya sita. Kusi ni siku ya saba. Wengi wanaolia mwezi wa Juni kwamba Mungu amewasahau walipewa pishi mbili Januari wakazila zote kwa mkupuo mmoja. Si wote, na ambao hata kaskazi haikuwatosha tutawafikia huko chini. Ila kwa wengi wetu Mungu alishatoa, tena mapema, na sisi hatukuitambua ile pishi ya pili ilipokuja mkononi.

Pishi hiyo ya pili ni kiasi gani? Yusufu kule Misri alitenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Chukua hiyo hiyo. Tuseme mama karanga, akishatoa bei ya samaki, mafuta na kuni, anabaki na shilingi 600 kwa siku. Zaka ni 60. Sehemu ya tano ni 120. Zinazobaki, 420, ndizo za kula na kuendesha nyumba. Novemba hadi Machi, ukiondoa Jumapili, kuna siku za kazi kama 130, kwa hiyo ile 120 inafika shilingi 15,600 kusi inapoingia. Itoe jioni ile ile, kabla ya pesa kulala nyumbani. Ukingoja mwisho wa wiki utakuta imeshakwenda na hujui ilikokwenda. Na uitoe kwenye faida, usiiguse mtaji. Anayeweka akiba kutoka kwenye pesa ya samaki wa kesho amejikopa mwenyewe.

Hapa kuna kosa ambalo karibu kila chama cha akiba hapa mjini kinalifanya. Vyama vyetu hugawana Desemba. Pesa inatoka wakati mifuko yote imejaa, inaingia kwenye nguo, mbuzi wa Krismasi na wageni, na Januari karo inapiga hodi. Katika shule nyingi za bweni za umma muhula wa kwanza huchukua nusu ya karo ya mwaka mzima. Pendekezeni kwenye kikao kwamba mgao uwe wa mara mbili: mmoja wiki ya kwanza ya Januari, uliofungwa kwa karo, na mwingine katikati ya Aprili, kwa ajili ya kusi. Msichanganye vyungu hivyo viwili. Karo ikiruhusiwa kukopa kwenye chungu cha kusi, Mei mtakuta chungu kitupu.

Sehemu ya akiba hiyo ni bora iwe chakula, maana nafaka haitolewi kwenye simu saa nne usiku kwa ajili ya hamu. Familia ya watu sita inayopika sima mara moja kwa siku humaliza takriban kilo moja ya unga. Gunia la mahindi la kilo 90, basi, ni miezi mitatu: Mei, Juni, Julai. Nunua Desemba au Januari, mavuno ya bara yanapokuwa sokoni. Ukingoja Mei utanunua bei imepanda na wewe huna kazi.

Lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu, na gunia lililowekwa vibaya litakuonyesha maana ya mabuu ya Kutoka 16. Yapime mahindi kabla ya kuyafunga. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Chumvi yetu hunyonya maji hewani, kwa hiyo ikaange kidogo kwenye sufuria kavu, iache ipoe. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi: yaanike juani juu ya turubali, usiyamwage chini kwenye udongo. Chumvi ikiporomoka yote chini, yamekauka. Yaweke kwenye ile mifuko yenye matabaka ya plastiki isiyopitisha hewa, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Na punje zilizoota kuvu zitupe, hata kuku usiwape. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kupikwa.

Kuna ndugu watakaosema huku ni kukosa imani, kwamba Yesu alisema tusisumbukie ya kesho. Alisema, na tulishike. Yesu alikataza kusumbuka; kujaza gunia kwa mikono iliyotulia ni jambo jingine, na unaweza kulijua kwa usingizi wako. Ukishafunga gunia ukalala, umetii. Ukishafunga gunia ukaamka saa tisa usiku kulihesabu, gunia limekuwa mungu.

Hiyo saa tisa usiku ndiyo ngumu. Kusi inapiga makuti, watoto wamelala, na akili inapanga kesho ambayo haijafika. Weka daftari na kalamu karibu na mto, simu iwe chumba kingine au mbali na mkono, kwa kuwa saa hiyo ndiyo mikopo ya simu inapochukuliwa: mtu anakopa ili apate utulivu wa dakika kumi, kisha analipa mwezi mzima. Andika neno moja tu la kile kinachokusumbua. “Karo.” “Kodi.” “Kifua cha mtoto.” Litaje kwa Mungu kwa jina, mwambie utalishughulikia asubuhi, ulale. Usijaribu kulitatua gizani.

Asubuhi fungua ukurasa na uugawe mara tatu. Upande wa kushoto andika haja, kwa hesabu na tarehe. Paulo anasema haja zetu “zijulikane na Mungu” (Wafilipi 4:6), na haja isiyo na hesabu hata mwenyewe huijui. “Bwana, tufungulie milango” ni maneno mazuri, lakini hutajua yamejibiwa lini. Andika hivi: karo iliyobaki 4,500, inatakiwa Jumatatu, tuliyo nayo 1,800, pungufu 2,700. Katikati andika lililo katika uwezo wako leo, moja au mawili: kumwona mwalimu mkuu kabla ya Jumatatu na kumwomba mulipe kwa awamu mbili, kumkumbusha aliyekukopa 800. Upande wa kulia andika yaliyo juu ya uwezo wako: upepo, wageni kuja au kutokuja, moyo wa mwalimu.

Maombi ya kuacha, yale ya “huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote” (1 Petro 5:7), ni ya upande wa kulia. Upande wa kati unahitaji maombi ya ujasiri, kisha miguu. Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Mmoja anamwachia Mungu simu ambayo yeye mwenyewe anaogopa kuipiga. Mwingine anabeba kusi kichwani, kana kwamba akiwaza sana upepo utageuka. Ukurasa ukikuonyesha kwamba jambo moja limekaa kulia wiki tatu na ni la kupiga simu, lihamishe katikati.

Paulo anaongeza “pamoja na kushukuru”, na ndiyo maana chini ya ukurasa huo uache mstari mmoja wa kilichopatikana jana, na tarehe yake. Samaki wa mboga aliyetolewa bure na nahodha. Jirani aliyemlisha mtoto mchana. Baada ya miezi miwili una ushahidi wa maandishi, na kusi ijayo utausoma badala ya kuanza imani upya.

Luka anapoandika mafundisho haya haya hataji ndege tu. Anawataja kunguru (Luka 12:24). Malindi tunawajua kunguru kupita kiasi. Nenda pwani alfajiri mahali mashua zinaposhusha samaki: wameshafika kabla ya jua, wamejipanga ukingoni mwa mashua, jicho limekaza kwenye kichwa cha jodari. Hawana ghala. Hawakubaki kwenye mwembe pia. Katika torati kunguru ni najisi, hakuna aliyemfuga wala kumpenda, na ndiye Yesu aliyemchagua kusema kwamba Mungu humlisha. Ndiye pia aliyetumwa kumpelekea Eliya mkate na nyama, asubuhi na jioni (1 Wafalme 17:6).

Ile sura ya Eliya isome mpaka mbele, kwa sababu kijito alichokuwa akinywa kilikauka. Mungu aliyemweka pale hakukijaza tena. Alimwambia aondoke aende Sarepta. Aliyefungiwa hoteli asikae mbele ya kijito kikavu miezi mitatu akingoja kuitwa, huku mikono yake inajua kupika, kufua, kushona makuti au kupaka rangi nyumba. Na kule Sarepta pipa la unga la mjane aliyemlisha halikujaa hadi juu; halikupunguka tu, siku kwa siku. Mara nyingi riziki ya Mungu huja kwa kipimo hicho, na mwenye kutazama pipa anaweza kudhani hakuna kinachotendeka.

Kwa mwenye deni, somo ni 2 Wafalme 4. Elisha alimuuliza mjane, “una kitu gani nyumbani?” Chupa ya mafuta. Mjane akaomba vyombo kwa majirani, akamimina, vikajaa vyote, kisha akaambiwa auze, alipe deni, na kilichobaki awe nacho yeye na wanawe. Deni lilitangulia. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Nenda kwa anayekudai na hesabu iliyoandikwa, umwambie utaleta kiasi gani kila Ijumaa, kiwe kidogo ambacho utakiweza. Na mhubiri akikwambia upande mbegu ya shilingi elfu ili deni lako lifutike, hiyo elfu mpelekee anayekudai.

Sisi wa Malindi tuna sababu ya kusema jambo hili bila kulainisha. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti yetu hii ya Kilifi, watu waliofundishwa wafunge kula mpaka wafe, na watoto wao pamoja nao. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe toka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alijibiwa, “Usimjaribu Bwana Mungu wako.” Fundisho lolote linalokutaka uache chakula cha watoto, dawa ya hospitali au shule ili uonyeshe unamtegemea Mungu, liache siku hiyo hiyo na umwambie mtu. Vivyo hivyo fadhaa ikikuzuia kulala au kula kwa zaidi ya wiki mbili, au ukianza kuona heri ufe, nenda hospitali pamoja na kuomba.

Basi na yule ambaye kaskazi haikumpa pishi ya pili? Mjane, mgonjwa, kijana aliyekosa kazi mwaka mzima. Mana ilipopimwa, aliyeokota vingi hakuzidiwa wala aliyeokota kichache hakupungukiwa. Huyu pishi yake iko kwenye nyumba nyingine, kwa hiyo aseme. Asingoje siku ya tatu bila moto jikoni; aseme asubuhi ya kwanza, kwa mtu mmoja anayemwamini, kwa maneno mafupi: “Leo hatuna unga.” Aibu imewalaza watu njaa mitaa ya hapa, nyumba ya pili wakimwaga sima ya jana.

Na kanisa lijipange kabla ya Aprili. Kila jumuiya iwe na debe moja la kukusanyia unga, na kila nyumba iliyopata kaskazi itie kibaba kimoja kila Jumapili kuanzia Januari. Nyumba kumi na mbili kwa wiki kumi na mbili ni vibaba 144, yaani pishi 36. Wachaguliwe akina mama wawili wanaojua kunyamaza, wao tu ndio wajue unga umekwenda wapi. Waupeleke jioni, giza likiingia, ndani ya kikapu cha kawaida, na wasipige picha.