Barua Pepe Niliyoikimbia kwa Siku 19

Nikiwa mwaka wa tatu wa uzamivu, msimamizi wangu alinitumia maoni yake kuhusu sura ya pili. Sikuyafungua. Kila asubuhi niliwasha kompyuta, nikaliona jina lake kwa herufi nzito, nikazima. Siku 19 zikapita hivyo, na kila aliyeuliza nilimwambia kazi inakwenda vizuri.

Aliyenitoa hapo hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mwanafunzi mwenzangu wa idara nyingine, aliyepata mafunzo ya unasihi rika, yaani kuwasikiliza na kuwasaidia wanafunzi wenzake. Hakuniuliza tasnifu yangu inahusu nini. Aliuliza, "Mara ya mwisho kulala ukashiba usingizi ni lini?" Nilishindwa kujibu, machozi yakanitoka. Akanyamaza, akaniacha nilie mpaka nikatosheka. Kisha tukaifungua ile barua pamoja. Maoni yalikuwa makali kweli, na sura ikabidi niiandike upya. Lakini niliyasoma mtu ameketi kando yangu, na usiku ule nililala.

Baadaye nikajua tuko wengi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulihoji wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26. Miongoni mwa waliojibu, asilimia 41 walikuwa na dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 39 dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, za kiwango hicho. Sishangai. Mada ni yako peke yako, na miezi inaweza kukatika bila mtu kukuuliza umeamkaje.

Kwa hiyo nenda kwa mnasihi rika mapema, hata kwa jambo unaloliona dogo. Tafuta mtu asiyesimamiwa na msimamizi wako, utasema kwa uhuru zaidi. Muulize mapema siri yako itatunzwaje. Mnasihi mwaminifu atakueleza pia mpaka wake: uhai wa mtu ukiwa hatarini, hatakaa kimya, atawahusisha wataalamu.

Nami nilikuja kufunzwa kazi hiyo, na nilianza vibaya. Mwenzangu mmoja alikuja kulalamika kwamba msimamizi wake hamjibu. Ndani ya dakika kumi nilikwisha kumpangia kila kitu: aandike nini, amwone nani, lini. Alishukuru, akaondoka, hakurudi tena. Alikuja kutafuta sikio, mimi nikampa mdomo. Linaniuma mpaka leo.

Na mwenzako akikwambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake. Ongozana naye hadi kwa mtaalamu, ukae hapo mpaka apokewe.

Kama kuanza ndiko kugumu, andika mstari mmoja tu: "Kuna jambo linanielemea, naomba nusu saa yako." Mimi niliandika hivyo hivyo, usiku wa manane, na asubuhi nikakuta nimejibiwa.