Umbo la chembe lina faida wapi katika utando wa kauri wa oksijeni?

Ndugu yangu umeuliza kama utando wa kauri unaotenga oksijeni na hewa utapitisha oksijeni nyingi zaidi iwapo utatengenezwa kwa chembe za nano, yaani ndogo mno, zenye umbo la mchemraba badala ya unga wa kawaida. Swali hilohilo lilinipotezea karibu mwaka mzima nilipokuwa fundi wa maabara Ujerumani, kabla sijarejea kwetu Tanga.

Utando huu si chujio. Ukiwa mzima hauna hata kitundu kimoja kinachopenya: oksijeni hugawanyika juu ya uso wake, huchukua elektroni na kuwa ayoni (atomu yenye chaji), kisha huruka kutoka nafasi tupu moja hadi nyingine ndani ya fuwele, huku elektroni zikirudi kinyume ndani ya kauri hiyohiyo. Hakuna umeme wa nje. Kinachoisukuma ni tofauti ya kanieneo ya oksijeni baina ya pande mbili, katika joto la nyuzi 700 hadi 900 hivi za sentigredi. Sisi tulitumia perovskaiti, aina ya fuwele ya oksidi, ya lanthanamu, stronti, kobalti na chuma. Perovskaiti yenye metali ya bari hupitisha zaidi, ila ikikutana na kabonidayoksaidi uso wake huota kabonati.

Nilidhani michemraba ingejipanga kama matofali. Nikasahau kwamba matofali hupangwa na fundi. Yakimwagwa tu kutoka kwenye lori huegemeana pembe kwa pembe, ilhali machungwa ya Muheza yakimwagwa hubiringika hadi kila moja lipate pa kukaa. Chembe zangu ziligandamana kwa mabonge, na visahani vya utando nilivyovitengeneza vilipochomwa vikanywea upande mmoja kuliko mwingine, vikapinda. Kipimo cha gesi kikaonyesha nitrojeni upande wa pili, na kwa kuwa nitrojeni haina njia ndani ya fuwele hizo, maana yake ilikuwa moja tu: ufa.

Hata visahani vilivyosalimika havikunifaa kitu. Ili kauri izibe kabisa tuliichoma kupita nyuzi 1,100, na katika joto hilo chembe huungana zikawa punje kubwa mara nyingi zaidi. Nilipotazama kwa hadubini ya elektroni sikuuona mchemraba hata mmoja.

Umbo lina kazi yake juu ya uso. Kadiri utando unavyopunguzwa unene, safari ya ndani huwa fupi, na kikwazo huhamia pale oksijeni inapoingia na kutoka. Hapo tabaka jembamba lenye vinyweleo, la michemraba ya nano ya oksidi ya metali ya seriamu, huweza kusaidia, kwa kuwa nyuso za mchemraba huachia oksijeni kwa urahisi kuliko nyuso za oktahedroni (umbo la pande nane). Michemraba hiyo hupatikana kwa kupasha nitrati ya seriamu pamoja na sodiamu hidroksaidi kali (ndiyo kostiki ya watengeneza sabuni, basi vaa glovu na miwani) ndani ya chombo kilichofungwa, kwa nyuzi 180 na muda wa saa 24. Kwa nyuzi 100 utapata vijiti.

Tabaka hilo lichome kwa joto la chini kadiri linavyoweza kushika, lakini lisiwe chini ya joto la kazi, la sivyo litaendelea kubadilika utando ukiwa kazini. Kwa mwili wa utando, nunua unga wa kawaida wenye chembe zinazolingana, uutwange mabonge yaishe, na upandishe tanuri nyuzi moja au mbili kwa dakika. Kwa umeme wetu huu unaokatika, hakikisha jenereta ina mafuta kabla hujawasha.