Kiklingoni: wali kaula nani?

Waalaykumu ssalaam mdogo wangu wa Wete. Umeuliza mambo matatu: kwa nini sentensi za Kiklingoni, lugha ya kutungwa ya wale Waklingoni wa filamu za Star Trek, zinakwenda kinyumenyume, hiyo -pu' ni wingi au ni wakati uliopita, na vipi utasema "habari za asubuhi" na "dafu". Mimi nipo Ng'ambo, Unguja, huu mwaka wa nne nahangaika na lugha hii, na naona unapita njia ile ile iliyonipotezea mwaka mzima: unaichukua sentensi, unaigeuza Kiingereza, ndipo unaipeleka kwenye Kiklingoni. Nakuelewa, maana kamusi ni ya Kiingereza na yale masomo ya Duolingo, programu ya simu ya kujifunzia lugha, ya 2018 nayo ni ya Kiingereza. Lakini ukitokea kwenye Kiswahili moja kwa moja, safari inakuwa fupi.

Tuanze na hicho kinyumenyume. Marc Okrand, mtaalamu wa isimu wa Marekani, aliitunga lugha hii kwa filamu ya Star Trek ya 1984, na kamusi yake ikatoka 1985. Alikusudia iwe ngeni masikioni, kwa hiyo akachagua mpangilio ambao ni lugha chache sana duniani zinao: mtendwa mbele, kitenzi kati, mtenda mwisho. ghotI' Sop puq: samaki, kula, mtoto. Maana yake mtoto anakula samaki. Ukiandika puq Sop ghotI', basi mtoto ndiye aliyeliwa, na watu wa Pemba watataka kujua ni papa wa bahari ipi huyo.

Sasa rudi jikoni kwenu. Mama akikuta sufuria tupu husema nini? "Wali kaula nani?" Nawe unamchongea mwenzako: "Wali kaula Khamis." Wali, kaula, Khamis. Huo ndio mpangilio wa Kiklingoni wenyewe, na umeusema tangu mdogo bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba sisi tuna ile -u- ndani ya "kaula" inayotwambia kilicholiwa ni wali, ndiyo maana hata ukisema "Khamis kaula wali" hakiharibiki kitu. Kiklingoni hakina ngeli ya kukuokoa hapo. Ukihamisha neno umehamisha maana.

Kinachofurahisha zaidi ni viambishi vya mwanzo, na hapa Mzungu analia sisi tunacheka. Kitenzi legh ni "ona". qalegh, nakuona. cholegh, waniona. mulegh, ananiona. Dulegh, anakuona. vIlegh, namwona, au nawaona, au nakiona, yote hayo. Mtenda na mtendwa wamo ndani ya kitenzi kama kwetu, ila wao wamewasaga pamoja wakawa silabi moja, huwezi kusema hii ni "na-" hii ni "-ku-". Zihifadhi hivyo hivyo kama zilivyo. Na anapokuwa ni yeye anamwona yeye, hakuna kiambishi kabisa: legh, basi. Jihadhari na kitenzi kisicho na mtendwa: mtenda akiwa ni mimi, hicho kinataka jI-. Mimi kwa miezi niliandika vIQong nikijua nasema "nimelala", kumbe nasema "nakilala", sijui nakilala nini. Sahihi ni jIQong.

Swali la -pu': ni zote mbili, ndiyo maana imekuchanganya. Kwenye nomino ni wingi, puqpu', watoto. Kwenye kitenzi ni jambo lililokamilika. Usiifananishe na -li-, ifananishe na -me- au -mesha-. Kiklingoni hakina wakati ndani ya kitenzi. Jana na kesho unazitaja kwa neno lake, wa'Hu' na wa'leS. Kwa hiyo wa'leS ghotI' vISoppu' ni sentensi halali: kesho nitakuwa nimeshakula samaki.

Ila wingi wa -pu' si wa kila kitu. Kwetu mbuzi anaingia A-WA kwa sababu ana roho. Mklingoni haulizi roho, anauliza: huyu anaweza kusema? Anayesema anapata -pu', viungo vya mwili vinapata -Du' (ghopDu', mikono), vilivyobaki vyote -mey: majahazi, samaki, mbuzi wako. Na "-angu" inafuata sheria hiyo hiyo: DujwIj, chombo changu, lakini puqwI', mwanangu. Ukisema puqwIj, sarufi haikukatazi, lakini umemshusha mtoto, kama mtu kumwita mwanawe "kile kitoto changu" mbele ya wageni.

Matamshi wala usiogope, chuoni kwenye herufi za Kiarabu umeshasoma nusu yake. H ni kh ya "kheri". gh ni ya "ghali". Ile alama ya ' ni hamza. Ng mwanzoni mwa neno ni ya "ng'ombe". q ndogo ni qaf uliyochapiwa bakora ili uitofautishe na kaf, na Q kubwa ni hiyo hiyo qaf lakini inakwaruza koo. Herufi kubwa na ndogo si mapambo: qam ni mguu, Qam ni kusimama. Kazi ipo kwenye tlh tu. Weka ulimi kama unasema t, ncha usiibandue, pumzi itokee ubavuni. Mimi nilijizoeza ndani ya gari ya Bububu mpaka bibi mmoja akahama kiti.

Dafu sasa. Huruhusiwi kujibunia neno. Wanaoisema lugha hii hupokea maneno ya Okrand tu, ni kama BAKIZA, baraza letu la Kiswahili Zanzibar, ila ya mtu mmoja. Unachoweza ni kueleza: naH bIQ, maji ya tunda, mwenye mali akitangulia. Bahari ipo, nayo nzuri: bIQ'a', yaani maji kwa ukubwa wake, kama sisi tunavyotoa "jitu" kwenye "mtu". Kahawa ni qa'vIn.

Na "habari za asubuhi" haipo. Wakikutana husema nuqneH, ambayo ni nuq DaneH iliyokatwa. Kwa Kiswahili chetu ni "watakani?" tu, hakuna umeamkaje wala watoto hawajambo. Usiwajaribie wazee wa barazani.

Andika sentensi tano za jikoni uziweke hapa nizitazame. Hizo Q zako kubwa ziangalie mara mbili kabla hujatuma.