Maswali yenu: yorki, panya na mazuku

Daktari, nimeuziwa mbwa mdogo wa aina ya yorki (Yorkshire terrier), eti "wa kikombe". Ana miezi minne na kilo moja hajafikisha. Atabaki mdogo hivyo? (Mama, Katindo, Goma)

Mama, aina hiyo haipo. Ni jina la muuzaji. Yorki mzima hufika kilo 3 hivi. Huyo wako alizaliwa dhaifu, au umri wake umedanganywa, akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Mtoto wa namna hiyo akikaa saa chache bila chakula, sukari ya damu inashuka: anayumba kama mlevi, fizi zinakuwa nyeupe, anaanguka. Mpake asali kidogo kwenye fizi, umlete mbio. Mlishe mara nne kwa siku.

Wangu anakimbiza panya mpaka nyuma ya choo. Ni ugonjwa? (Papa, Majengo)

Ni kazi yake, papa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, walimfuga karne ya 19 awamalizie panya. Mambo ya utepe na mkoba yalikuja baadaye. Kinachonitia wasiwasi ni ile sumu mnayotega kila kona. Panya aliyeila akiliwa na mbwa, mbwa naye anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Chagua kimoja, sumu au yorki.

Nimnyoe?

Punguza, usinyoe. Hana manyoya ya chini ya kumkinga, na baridi ya usiku wa Goma mnaijua.

Nikimvuta kwa kamba anakohoa kama bata.

Nimelijibu hili mara ngapi? Toa mkanda wa shingoni, mvishe wa kifuani. Bomba la pumzi la yorki ni laini, likibanwa linalala.

Anakula sambaza?

Samaki hao wadogo wa ziwani anakula, wakichemshwa bila chumvi. Usimmwagie mchuzi. Kitunguu huharibu damu ya mbwa, na kiasi ambacho mbwa wa mlinzi anakivumilia kinaweza kumlaza wa kilo 3.

Tumehamia njia ya Bulengo. Nyuma ya nyumba kuna bonde dogo la mawe ya lava, mbwa anakataa kushuka. Nimlazimishe? (Yaya, mpangaji mpya)

Usimlazimishe! Waulize majirani kama hapo hakuna mazuku. Wenyeji wanajua mahali ambapo mbuzi hufa bila jeraha. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni kama maji kwenye sahani, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Huioni, huinusi. Wewe ukisimama, pua yako iko juu ya mita moja na nusu. Pua ya yorki iko shubiri moja tu kutoka kwenye jiwe. Mnapita njia moja, wewe unasikia kichwa kizito kidogo, yeye ameshalala.

Asubuhi moja niliitwa upande huo huo. Kimbwa kilikuwa kimelala ubavu shimoni, utepe mwekundu bado umesimama kichwani. Kijana wa kuchota maji akataka kushuka kukiokota, mama mwenye nyumba akamshika shati kwa mikono miwili. Kijana alikasirika. Mimi nilimshukuru yule mama, maana anayeinama kuokota mbwa anapeleka pua yake pale pale. Kwa hiyo kamba mkononi, mtembeze juu ya barabara, jua likishapanda. Na mtoto anayetambaa ana urefu gani? Jibu mwenyewe.

Yorki wangu amemng'ata mtoto wa jirani, mchubuko tu. Nimpake mafuta gani? (Mama, Himbi)

Mafuta yaache. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha mtoto aende hospitali leo, si kesho. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, na meno ya mbwa wa mkoba yanakibeba sawa na ya mbwa wa mtaani Birere. Yorki usimuue wala usimfiche: mfungie siku 10, tumwangalie.

Halafu, mama, umeniandikia mistari saba. Jina la shampuu yake nimelisoma, rangi ya sweta nimeisoma. Kadi ya chanjo iko wapi?