Jozi moja ya fimbo kwa mlima na theluji?

SWALI: Fimbo zangu za kupandia milima ni za vipande vinavyoingiana, aina ya kuzungusha ili zikaze. Nikishuka, moja hujifyatua na kuingia ndani. Imeshanibwaga mara mbili. Sasa nataka kuanza kutembea kwa viatu vya theluji pia, vile vipana vya kukuzuia kuzama. Ninunue jozi mbili tofauti? Na je, fimbo za kaboni ni bora kweli kuliko za alumini?

JIBU: Jozi moja inatosha, mradi iwe na vibano vya nje vya kufunga kwa kidole na visahani vya kubadilisha, yaani vile viduara vya karibu na ncha. Vibano hivyo unavifungua hata ukiwa na glavu nene. Vya kuzungusha, maji yakiganda ndani, utasokota mpaka kiganja kiwake moto.

Ila usizitupe za zamani kabla hujazikagua. Chomoa vipande vyote. Ndani kuna kizibo cha plastiki kinachotanuka ukizungusha, nacho ndicho hukaza bomba. Kikipata vumbi, unyevu au mafuta, kinateleza. Kifute, acha kila kitu kikauke, kisha rudishia. Kuna watu hupaka mafuta wakidhani wanatengeneza, kumbe ndio wanazidi kuharibu. Plastiki ikiwa imelika, badilisha kizibo.

Kaboni ni nyepesi, hilo sibishi. Lakini ikinasa kati ya mawe ukaiegemea kwa ubavu, huvunjika ghafla. Alumini hupinda kwanza, na fimbo iliyopinda bado itakufikisha nyumbani. Kwenye theluji, ambako huoni mawe na matawi yaliyofukiwa, mimi hubeba alumini.

Kuhusu urefu, simama wima ncha ikigusa chini: kiwiko kifanye pembe ya nyuzi 90. Kupanda kurefu, punguza sentimita 5 hadi 10. Kushuka, ongeza kiasi hicho hicho. Theluji laini humeza fimbo, kwa hiyo hapo nako ongeza. Ukikata mteremko kwa ubavu usihangaike na vibano. Fimbo ya upande wa juu ishike tu chini ya mpini.

Visahani vipana ni vya theluji, vidogo ni vya nchi kavu. Kwenye njia ya mawe na vichaka, vitoe vile vipana, maana hunasa kila hatua.

Jambo ambalo karibu kila mgeni wa fimbo hukosea ni mkanda, kile kitanzi cha kwenye mpini. Ingiza mkono kutoka chini ya kitanzi, kisha ushushe kiganja ukamate mpini pamoja na mkanda. Uzito ubebwe na mkanda. Vidole vishike kwa ulegevu tu. Ukibana mpini kwa nguvu siku nzima, jioni mikono itakuuma kuliko magoti.

Lakini ukiingia kwenye mteremko unaoweza kuporomoka theluji, toa mikono kwenye mikanda. Theluji ikishuka, fimbo zilizofungwa mkononi hukuvuta chini nazo. Msituni penye miti iliyosongamana vilevile: fimbo ikinasa nyuma yako, iachie.